Pumzisheni Majani, Nayo Yatawalisha Ng'ombe Wenu

Mvua zinapokaribia, mtu wa kijijini hutazama vitu viwili: mawingu, na migongo ya maksai wake. Mawingu ni kazi ya Mungu. Lakini migongo ya maksai ni kazi yetu sisi, tena ni kazi tuliyoifanya au tuliyoiacha miezi mingi nyuma, wakati majani yalipokuwa mabichi na hakuna mtu aliyefikiri habari ya njaa.

Nitaanza na aibu ya nyumbani kwetu, ili mtu asidhani kwamba nawasema wengine tu. Marehemu baba yangu alikuwa na ng'ombe kumi na wanne, na nyuma ya boma alikuwa na ngitili ya ekari kumi hivi, aliyoachiwa na babu. Wasomaji wa Usukumani hawana haja ya kuambiwa ngitili ni nini. Kwa wale wa mbali niseme hivi: ni kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zianzapo, ng'ombe wasiingie kabisa, ili majani yakue, yachanue, yamwage mbegu na kukauka yakiwa yamesimama. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, pengine pote pakiwa pamekwisha. Kwetu desturi ilikuwa kuifungua baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, tena kwa wachache tu: maksai wanne, ng'ombe wawili wenye maziwa, na ndama.

Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, ndugu mmoja wa baba alikuja kutoka kijiji cha mbali mwanzoni mwa Juni na ng'ombe thelathini. Malisho ya kwao yalikuwa yamelimwa yote. Akasimama mlangoni akasema, “Kaka, utaacha ng'ombe zangu zife, na wewe umeyaficha majani?” Baba akaona haya. Ni nani asingeona haya? Akaondoa miiba iliyoziba mlango, ng'ombe wote wakaingia, wa kwake na wa mgeni. Mwisho wa Juni ngitili ilikuwa nyeupe kama uwanja wa kanisa.

Nilirudi likizo mwezi wa Desemba, mvua zimekwisha kunyesha mara mbili. Jirani wote walikuwa wanalima. Baba alifunga maksai asubuhi, wakaenda mistari mitatu, wa nne mmoja akapiga magoti ndani ya mtaro akalala. Hakupigwa, maana baba hakuwa mtu wa kupiga mnyama aliyechoka. Tulimfungua, tukamnyanyua kwa mkia na mabega, akasimama kidogo akalala tena. Alikufa usiku ule, na mwenziwe siku ya nne. Ng'ombe watatu walikuwa wamekwisha kufa mwezi wa Novemba. Tulilima kwa jembe la mkono, tukapanda tumechelewa, tukavuna magunia machache, na mdogo wangu wa kike akakaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa karo. Yule ndugu wa baba naye alipoteza zaidi ya nusu ya ng'ombe wake. Basi ule ukarimu haukumwokoa mtu.

Nimefikiri jambo hili mara nyingi, hasa tangu nilipopewa kazi ya ukarani wa parokia, kwa sababu kila mwaka kati ya Septemba na Novemba watu huja ofisini kuomba niwaandikie barua za serikali ya kijiji, na barua nyingi ni zile zile: fulani amelisha kwangu, fulani amefunga njia ya maji. Watu husema chanzo ni jua. Jua lina sehemu yake. Lakini nadhani mara nyingi chanzo ni kwamba hatujui majani yanaishi namna gani.

MAJANI HULA WAPI?

Mtu akiona ng'ombe amekata jani juu, na baada ya siku chache jani limechipuka tena, hudhani hakuna hasara. Kumbe jani ndilo jiko la mmea. Chakula hupikwa katika jani kwa nguvu za jua, kisha sehemu yake hutumwa chini kwenye shina na mizizi, kama vile mama anavyoweka unga kidogo mtungini. Jani likiliwa, mmea hauna jiko. Hapo hutoa akiba yake ya chini ili ujenge jani jipya. Ukiachwa wiki tatu, nne au tano wakati wa mvua, jani jipya hukomaa, hupika, na akiba hurudi mahali pake. Lakini ng'ombe akirudi siku ya saba, hulikata jani changa kabla halijalipa deni. Mmea hukopa tena. Akirudi tena, hukopa tena. Mizizi hufupika, na mmea wenye mizizi mifupi hauwezi kufuata maji ya chini jua liwakapo.

Tena ng'ombe hachagui kwa haki. Hupenda yale machanga na matamu, yaani hurudi pale pale alipokula juzi, na kuyapita yale magumu. Kwa hiyo mahali palipo na ng'ombe kila siku, majani mazuri hufa kwanza, nayo yale mabaya, magugu na vichaka vya miiba, huachiwa nchi yote. Baada ya miaka michache mtu husema, “Zamani hapa palikuwa na majani mengine.” Ni kweli. Tumeyamaliza kwa kuyalisha mara mbili kabla hayajapumua.

Yuko mkulima mmoja wa Normandy, nchi ya Ufaransa, jina lake André Voisin, aliyezaliwa mwaka 1903. Alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, naye alikaa akiwatazama jinsi wanavyokula, saa baada ya saa, akaandika. Mwaka 1957 alitoa kitabu juu ya mavuno ya majani. Neno lake kubwa lilikuwa hili, kwamba tusiulize tu ng'ombe ni wangapi, bali tuulize wamekaa mahali pamoja siku ngapi, na majani yamepumzika siku ngapi kabla hawajarudi. Na siku za kupumzika si idadi moja mwaka mzima: majani yakikua upesi, pumziko huwa fupi, yakikua polepole, pumziko lazima lirefushwe. Voisin alikufa mwaka 1964 akiwa Kuba, alikokuwa ameitwa kufundisha. Mtu wa kutazama ng'ombe tu, lakini watu walivuka bahari kumsikiliza.

Hata hivyo Normandy si Maswa. Kule mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Huku kwetu kuna miezi mitano au sita ambapo hakuna jani litakalokua hata ukilipumzisha kiasi gani. Wakati wa kiangazi, kuhamisha ng'ombe hapa na pale hakuzalishi majani mapya. Kazi yake ni kugawa tu yale yaliyosimama, kama mama anavyopima unga wa gunia la mwisho. Watu wengi wanaofundisha malisho ya zamu hawalitengi jambo hili, na mkulima akijaribu mwezi wa Septemba na kuona hakuna kilichochipuka, huacha akasema wataalamu ni waongo. Zamu ya kukuza ni ya masika, zamu ya kugawa ni ya kiangazi.

WAZEE WALIIJUA

Wasukuma hawakufundishwa ngitili na mtu. Lakini karibu ipotee. Kuanzia miaka ya 1920 misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, mdudu wa malale na nagana. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, watu na ng'ombe wakaongezeka. Ilipofika miaka ya 1974 na 1975, watu walihamishiwa katika vijiji, na wengi waliziacha ngitili zao huko nyuma bila mwenyewe wa kuzilinda. Nchi ikabaki wazi, upepo na vumbi tu, hata watu wakaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Wanawake walitembea nusu siku kutafuta kuni, na wengine walipikia mavi ya ng'ombe ambayo yangalistahili kwenda shambani.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Mwanzoni mabwana misitu walipanda miti ya vitaluni, na mingi haikuvutia watu. Ndipo wakauliza wenyeji, nao wakataja ngitili. Wakati ule ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 tu hivi. Kazi hiyo ilipomalizika mwaka 2004, hekta zilizorudishwa zilihesabiwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000, katika vijiji 833. Miti ile iliyodhaniwa imekufa ilichipuka yenyewe kutoka visiki na mizizi, maana ilikuwa hai chini ya ardhi muda wote, ila kila chipukizi lililiwa. Mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Tuzo ya Ikweta.

Angalieni ilivyofanyika. Haikuwa kwa senyenge. Ngitili za nyumba moja ni hekta chache. Za kijiji huweza kupita hekta mia. Mipaka yake ni kijito, njia, mawe, au mstari wa minyaa. Ulinzi wake ni mkutano wa wenyeji, dagashida, unaotoa sheria na faini, na sungusungu wanaoitekeleza. Na ndani yake wenye akili hawaifungui yote mara moja. Huigawa vipande, wakamaliza kimoja ndipo waingie cha pili. Hiyo ndiyo zamu yenyewe, nayo ilikuwa hapa kabla yule Mfaransa hajaandika kitabu chake.

Dodoma mambo yalikuwa makali zaidi. Katika milima ya Irangi, wilaya ya Kondoa, ardhi ilikuwa imechimbwa na maji hata kubaki makorongo mekundu. Kazi ya kuiponya, HADO, ilianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote, yapata 90,000, iondolewe katika eneo lile. Majani na miti ilirudi kwa namna ya kushangaza. Lakini fikirini uchungu wa familia iliyoambiwa itoe ng'ombe wote, hata yule wa maziwa ya watoto. Miaka kama kumi ilipita kabla watu hawajaruhusiwa kufuga tena, na hapo ni ng'ombe wa kufungwa bandani na kukatiwa majani. Mimi naona afadhali kijiji kijifungie chenyewe robo ya malisho kuliko kungoja siku ya kufungiwa yote.

HESABU YA KUFANYA NA WATOTO

Sasa nawaomba mchukue kalamu. Ng'ombe wetu wa kienyeji aliyekomaa, mwenye kilo 250 hivi, hula karibu kilo 6 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe kumi hula kilo 60. Kutoka katikati ya Julai mpaka katikati ya Novemba ni siku 120 na zaidi kidogo. Zidisheni: kilo 7,200.

Je, ngitili yako ina kilo ngapi? Kata vijiti vinne vya mita moja moja, vifunge viwe mraba. Majani yakikomaa, rusha mraba ule mahali popote bila kuchagua, kata yote yaliyo ndani, anika yakauke, pima. Fanya hivyo mahali kumi, upate wastani. Ukipata gramu 200 kwa mraba mmoja, maana yake ni kilo 2,000 kwa hekta, kwa kuwa hekta ina mita za mraba 10,000. Mwalimu yeyote wa darasa la sita aweza kuwapeleka watoto wakaifanya hesabu hii uwanjani, nao hawataisahau.

Usihesabu zote kuwa chakula. Nusu ibaki: sehemu itakanyagwa, sehemu italiwa na mchwa, na sehemu lazima ifunike ardhi ili mvua ya kwanza isiubebe udongo. Kwa hiyo hekta moja ya namna hiyo hutoa kilo 1,000 za kulisha. Ng'ombe kumi kwa siku 120 wanataka hekta 7 na kidogo, yaani karibu ekari 18.

Mtanijibu, “Karani, nani ana ekari kumi na nane za kufunga?” Wachache. Ndiyo maana wazee hawakuwaingiza wote. Ekari kumi za baba zilikuwa hekta 4, kilo 4,000. Wale wanyama wanane waliochaguliwa, tukiwahesabu wote kuwa wakubwa, walikula kilo 48 kwa siku. Gawanya: siku 83. Kutoka Kupalizwa Mbinguni mpaka wiki ya kwanza ya Novemba. Babu hakujua kilo, lakini tazameni jinsi alivyopatia. Na wale arobaini na wanne wa mwezi wa Juni walitaka kilo 264 kila siku: siku 15 basi, na siku zilizofuata waliila ile nusu isiyopaswa kuliwa. Baba angaliifanya hesabu hii mbele ya ndugu yake, pengine wangalikubaliana kuuza ng'ombe kumi mwezi ule wa Juni walipokuwa bado na nyama mwilini. Mwezi wa Oktoba hakuna anayemnunua mfupa.

Hao wengine wasiopata ngitili watakula mabua ya mtama na mahindi, majani ya karanga na ya viazi. Yakusanyeni mapema mkayaweke juu ya dari au juu ya mti, mbali na mchwa. Mabua yaliyoachwa shambani huwa ya kila mtu, na ya kila mtu hayamfikishi mtu Oktoba.

ZAMU YA MASIKA

Kwa malisho ya kijiji, panga hivi wakati wa mvua. Gawanyeni sehemu tano, nne za zamu na moja ya akiba, kwa alama ambazo hata mtoto anazijua: mbuyu, kijito, jabali, njia ya mnadani. Ng'ombe wote wakae sehemu moja siku kumi, kisha wahame. Wakirudi sehemu ya kwanza, itakuwa imepumzika siku thelathini. Mvua ikikatika, msishike kalenda kama wakili, tazameni majani. Yakiwa hayajarudi, punguzeni mwendo, au fungueni ile ya akiba. Kila mwaka sehemu moja, kwa zamu yake, iachwe masika yote bila kuguswa, imwage mbegu. Na dalili ya kuondoka ni kiganja: majani mazuri yakifika upana wa kiganja cha mkono kutoka ardhini, ng'ombe watoke, hata kama siku kumi hazijatimia.

Nasikia watu wakisema kwamba zamu huwezesha kufuga ng'ombe mara mbili zaidi. Nawaombeni msiyasadiki upesi. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walikusanya majaribio mengi yaliyolinganisha zamu na malisho ya kila siku, wakaona kwamba idadi ya mifugo ikiwa ile ile, mara nyingi zamu haikuzidi kwa majani wala kwa nyama. Wako wanaobisha, wakisema majaribio hayo yalifuata kalenda ngumu, si macho ya mfugaji. Mimi si wa kuamua ugomvi wa mabingwa. Lakini naona fundisho moja kwa kijiji: zamu hupanga ulaji, haiongezi ekari. Kijiji chenye ng'ombe kupita kiasi kikipanga zamu, kitakuwa na njaa iliyopangwa vizuri.

Faida yake kubwa kwetu pengine haiko katika majani kabisa, iko katika watoto. Siku hizi kila nyumba hutoa mtoto mmoja kuchunga ng'ombe wake sita. Nyumba kumi, watoto kumi, na daftari la mwalimu lina nafasi kumi tupu. Lakini ng'ombe wakichungwa pamoja katika sehemu moja inayojulikana, watu wazima wawili watosha, kwa zamu ya nyumba. Katika kigango kimoja cha parokia yetu wamefanya hivyo misimu miwili, na katekista ameniambia kuwa hata mafundisho ya Komunyo ya kwanza yamepata wavulana.

Habari ya kupe niseme kwa ufupi. Wako wanaodhani majani yakipumzika mwezi mmoja kupe hufa. Hawafi. Kupe wa ndigana anaweza kungoja juu ya jani miezi mingi bila kula. Zamu haimwondolei mtu josho. Na moto: ngitili iliyokauka ni kama petroli. Fyeka njia pana kuizunguka mapema, mwezi wa Mei au Juni, tena wakatazeni warina asali kuingia na mienge. Mtu mmoja aweza kuchoma kwa nusu saa kazi ya masika nzima.

Tena msifanye mambo haya kwa mdomo tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya pamoja, na mwaka 2010 ilitoka Sheria Namba 13 iliyo hasa juu ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo. Sehemu iliyotengwa katika mkutano, ikaandikwa katika muhtasari, ikapigwa muhuri, si rahisi mtu mwenye fedha kuja kuilima usiku. Iliyotengwa kwa maneno chini ya mwembe, mimi karani nawaambia, hulimwa.

NDUGU WAWILI

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, Abramu na Loti walikuwa na mifugo mingi hata nchi haikuweza kuwabeba pamoja, na wachungaji wao wakagombana. Abramu, ingawa alikuwa mkubwa, alimwachia Loti achague kwanza. Tumezoea kuihubiri habari hii kama habari ya upole, nayo ni ya upole kweli. Lakini ni habari ya malisho pia. Mzee yule aliona ugomvi wa wachungaji kabla haujawa ugomvi wa ndugu. Na Mungu aliyewaamuru Waisraeli waipumzishe nchi mwaka wa saba hakuona kuwa ardhi ni kitu cha kukamuliwa tu. Papa Fransisko aliikumbuka amri hiyo mwaka 2015 katika barua yake Laudato Si'.

Sisi hatuna tena nchi ya kushoto na ya kulia ya kuchagua. Mwaka jana walikuja ofisini ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa alitaka ngitili ya marehemu baba yao ifungwe mpaka Agosti. Mdogo, mwenye ng'ombe wengi zaidi, alitaka igawanywe nusu kwa nusu ili alishe nusu yake apendavyo. Walikuwa hawajapeana mkono wa amani kwenye Misa tangu Pasaka, na kigango kizima kilijua.

Baba Paroko aliwasikiliza, kisha akaniita nilete karatasi. Tukafanya hesabu ile niliyowaandikia hapa, kwa vijiti na mizani ya duka la jirani. Ngitili yao ilikuwa ekari kumi na mbili. Mdogo alitazama namba zile kwa muda mrefu. Akasema, “Kaka, nusu yangu ni siku kumi na nne tu kwa ng'ombe zangu.” Mkubwa akajibu, “Ndivyo nilivyokuwa nakwambia, mdogo wangu, ila sikuwa na namba.” Yule mdogo hakufurahi. Alisema ng'ombe wa mahari ya mwanawe wamo humo, atawauzaje? Wala sikuwa na jibu la kumpa, maana ni swali la kweli.

Mwishowe walikubaliana hivi: ngitili isigawanywe, ifunguliwe tarehe 16 Agosti, iwe vipande vitatu, na kila mmoja aingize wanyama sita tu. Mdogo aliuza ng'ombe saba mnadani mwezi wa Julai, akanunua mabati na mabua ya jirani wawili. Kipande cha tatu kilifunguliwa katikati ya Oktoba.

Juma lililopita nilipita kwao kupeleka cheti cha ubatizo. Mlango wa ngitili umezibwa kwa miiba mipya. Majani ndani yamefika magotini, na ile mihale iliyokuwa visiki imetoa machipukizi marefu kama fimbo. Mkubwa aliniambia kwamba mwaka huu mdogo wake ameomba kuingiza wanane badala ya sita, kwa sababu mvua zilikuwa nzuri. Hajamjibu. Anangoja majani yakomae, wapige mraba pamoja, nami nimeahidi kuwapelekea mizani.